Nusu Kilo ya Gunia

Miaka ishirini na sita nilikaa nyuma ya meza
kwenye ghala la chama cha msingi, kalamu sikioni,
nikisoma mshale na kutamka kilo za watu.
Korosho za Nampota, themanini na moja.
Korosho za mjane wa Mnyachi, sitini na nne,
toa nusu kilo ya gunia.
Aliyenung'unika nilimpa jibu moja:
Mama, mizani haina shangazi.

Nilipostaafu waliniachia mizani ya zamani,
nikaitundika kwenye boriti ya banda la kuku.
Nyuma ya jiko nikapiga matuta manane:
nyanya, bamia, matango,
na mchicha wa kujifariji.
Nikachora mistari kwenye daftari jipya.
Tarehe. Tuta. Uzito.
Safu ya uzito niliiacha pana
kama mtu anayetandika kitanda cha wageni.

Juni, ukungu wa Newala ulipanda kila asubuhi
kutoka bondeni, ukailamba miche, ukaondoka
bila kuacha hata tone la kunawia uso.
Bomba lilikohoa Jumatano,
likakohoa Jumatano nyingine.
Nikanunua maji ya ndoo kwa kijana wa toroli
mpaka Esha akapiga hesabu kwa kidole
kwenye vumbi la kizingiti:
"Kwa bei hii, baba, nyanya zako
tutazivaa masikioni."

Julai, Chinduli akawasha mashine ya salfa.
Haki yake. Mikorosho yake inaumwa ubwiri unga.
Upepo ndio haukuwa na adabu.
Asubuhi matango yangu yalikuwa yamepakwa poda kama maharusi,
adhuhuri majani yamejikunja, kingo zimeungua,
jioni nikasimama kwenye ua, koo limekauka,
nikitafuta maneno ya ugomvi,
nikakumbuka fomu yake ya mgao wa salfa
niliijaza mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Agosti ilikuwa ya kantangaze.
Sitaki kuisimulia.
Mdudu asiyefika hata urefu wa nukta na mkia wake
aliandika ndani ya kila jani, mstari mweupe juu ya mstari,
daftari lake likajaa kabla ya langu.

Bamia?
Bamia zilikomaa tukiwa msibani Kitangari.
Tuliporudi zilikuwa kuni.

Leo, Septemba ishirini na tisa, nimevuna.
Nyanya saba, moja ina kovu.
Nikazitia kikapuni, nikakitundika kwenye ndoano
iliyozoea magunia,
nikarudi nyuma hatua mbili, nikavaa miwani.
Mshale haukutikisika.
Nikagonga kioo kwa ukucha,
kama walivyokuwa wakigonga wao,
kwa heshima, kwa kidole kimoja, wakiniangalia usoni.
Haukutikisika.

Chinduli alikuwa ameegemea ua.
"Karani," akasema, "usisahau kutoa
nusu kilo ya gunia."
Akacheka. Nami nikacheka,
ila changu kilichelewa njiani.

Usiku Esha kaleta ming'oko ya kuchemsha,
mizizi ya porini, haikupandwa na mtu,
haikununuliwa ndoo,
haijui salfa wala Jumatano.
Tumekula kwa chumvi na pilipili
na zile nyanya saba, zimekatwa nyembamba
ili zionekane nyingi.
"Nani kakuuzia?"
"Mjane wa Mnyachi. Kaniongezea mmoja juu,
kasema mpelekee karani."

Daftari liko wazi mezani.
Kibatari kimekwisha mafuta mara moja, nimekijaza tena.
Kwenye safu ile pana kalamu imesimama:
sijui niandike sifuri, nifunge, nikalale,
au nianze kuzijumlisha zile nusu,
gunia kwa gunia,
tangu mwaka wa kwanza.