Kitanda cha Safu ya Saba

Nilizaliwa ndani ya ukumbi wa mihadhara,
safu ya saba, upande wa madirisha,
mwaka mmoja baada ya mama kuvuka milima ya Svaneti
kwa miguu, na viatu vya harusi ya mtu mwingine.

Kabla yetu, jengo lilikuwa Kitivo cha Hariri.
Mateka wa Kijerumani ndio waliolijenga, kwa mawe ya manjano,
wakachonga majani ya mforosadi juu ya lango kama walivyoagizwa;
na mmoja wao, jina halikuandikwa,
akapachika konokono kati ya majani,
mahali ambapo mkaguzi hakujisumbua kuinua shingo.

Humo vijana wa Kutaisi walifundishwa usingizi wa kiwavi:
hulala mara nne, hujivua ngozi mara nne,
ndipo hujisokota.
Profesa Varlam Dzidziguri alikuwa akikatiza mhadhara ghafla,
kidole juu: sikilizeni.
Na chini ya sakafu, viwavi elfu arobaini wakitafuna
kama manyunyu yasiyomlowesha mtu.

Kisha dola ikavunjika, umeme ukaondoka nayo.
Viwavi walikufa kwa baridi, usiku mmoja tu.
Mitambo ikauzwa kwa kilo.
Wanafunzi wakatoka na mabegi yao,
watu wetu wakaingia na ya kwao.
"Wiki mbili," alisema afisa, akigawa shuka.
Wiki mbili zile zilikula miaka kumi na tisa.

Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya vidato, ikishuka hadi ubaoni.
Baba akaazima msumeno, akakikata kitanda:
miguu miwili mirefu, miwili mifupi,
kikatulia pale kana kwamba kimeota.
Shuka zilikuwa kuta. Tuliishi kwa adabu ya kutosikia:
Bi Tsiala akilia safu ya nne,
safu ya tano inakohoa
ili apate pa kujificha.

Ubaoni palibaki mstari wa mhadhara wa mwisho:
usingizi wa nne, kisha nukta mbili,
na hakuna kilichofuata.
Mama alikataza usifutwe.
Tukaandika chini yake madeni ya mkate,
zamu za kuosha choo,
na uzito wangu siku ile: kilo mbili na robo.

Baridi ya tatu ilipokaza, tulikata miforosadi.
Profesa alikuja theluji ilipoyeyuka,
akabisha hodi mbele ya shuka, kofia mkononi.
Alivitazama visiki kupitia dirishani.
"Iliwaka vizuri?"
"Taratibu, bwana. Ilishika moto taratibu."
"Ndiyo. Ndivyo ulivyo mti huo."
Akakaa ukingoni mwa kitanda chetu
mpaka chai ikapoa.

Tulipopewa nyumba nje ya mji, yenye sakafu sawa,
baba alikuwa ameshazikwa,
na kitanda kikainama
kama mtu atafutaye sarafu chini ya meza.
Nikaleta msumeno. Mama akanipokonya.
Miguu mifupi akaiwekea vitabu viwili vya Profesa,
vile ambavyo hatukuvichoma.

Sasa ni hoteli. Nilikwenda mwezi jana,
nikaagiza kahawa ya bei ya aibu.
Kibao cha shaba kimeandika historia kwa herufi nzuri:
chuo kikuu, mkato, hoteli.
Nikauwekea kidole ule mkato. Ulikuwa baridi.
Ukumbi wetu ni mgahawa, vidato vimezulishwa zulia jekundu,
na ubao wameuhifadhi:
wanaandika majina ya divai kwa chaki za rangi.
Langoni niliinua shingo.
Konokono yupo. Wamempaka chokaa upya.

Mama aliniuliza jambo moja tu,
akimenya viazi, bila kugeuka:
"Wameufuta ubao?"
"Hapana," nikamwambia. "Umejaa."