Meza Mbili, Barabara ya Nane

Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la misumari,
Barabara ya Nane, Ngamiani.
Ngazi ina vidato kumi na saba.
Nilivihesabu
ili macho yasitue kwenye visigino vya Mwanakheri,
naye ametangulia, bahasha ya baraza kwapani:
ile karatasi isemayo wazee wamekaa,
wamenasihi, wameshindwa.

Nilidhani nitamkuta wakili peke yake.
Nikakuta meza mbili, birika moja,
na mkeka wenye kalamu za rangi zilizovunjika vichwa.

Bi Shemhilu akafungua faili. "Orodha ya mali."
Nikaitaja kama mtu anayesoma bei:
kiwanja cha Mikanjuni, mabati ishirini na nane,
kitanda cha mninga, cherehani...
"Cherehani yangu."
"Nani aliinunua?"
"Nani aliishonea mpaka ikalipa ada?"
Sauti zikafura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

Hapo yule kijana wa meza ya pili, Kilua,
aliyewahi kuwa nesi Bombo,
akavuta kiti chake. Hakusema nyamazeni.
Aliniuliza: "Hatibu, unalala?"

Mimi ni fundi baiskeli. Nimeulizwa bei ya tairi,
nimeulizwa mahari, nimeulizwa talaka ngapi,
kwenye jamvi, mbele ya wajomba.
Usingizi wangu hakuna aliyeuulizia.
Ulimi ukapinda kama spoki.
Nikasema: mwezi wa nne huu nalala bandani, kati ya rimu.
Saa tisa usiku nakaza nati ambazo hazijalegea.

Bi Shemhilu akaweka kalamu chini.
Si huruma, alisema baadaye, ni kazi:
"Sipokei saini ya mtu asiyelala."

Tulirudi Jumatano sita.
Moja tuligombana hadi mwenye duka
akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.
Moja Mwanakheri alilia,
nami sikujua mikono niiweke wapi.
"Iache ilipo," Kilua akasema.
Sikupona, nisidanganye.
Ila nilijifunza kuzichambua kama njugu:
hii hasira ni ya cherehani,
hii ni ya mama yangu, aliyeachwa Pongwe
kwa neno moja, mlangoni,
nikiwa na umri wa Sikudhani.

Sikudhani. Miaka minane.
Sisi tukigawana mabati
yeye mkekani alichora nyumba:
madirisha matano, mlango hakuna.
"Wanaingiaje?" Kilua akauliza.
"Bado hawajaingia. Wanagombana kwanza."

Sheria haina pa kuubandika mchoro kama ule.
Lakini Bi Shemhilu aliutazama hadi chai ikapoa,
kisha akakifuta kifungu cha nne, akakiandika upya:
mtoto atahama kwa siku iliyopangwa, si kwa ugomvi;
asifanywe tarishi kati ya nyumba mbili;
matunzo kila tarehe tano, mkononi mwa mama.
Mwanakheri akaongeza:
"Na baiskeli yake ikae kwa baba.
Yeye ndiye ajuaye breki."

Neno hilo, mwezi wa kwanza, lingetoka kinywani mwa nani?

Mahakamani ilichukua robo saa.
Hakimu akauliza kama tumekubaliana;
tukajibu kwa pamoja, sauti zikagongana,
nusura tucheke.
Wanandoa waliokuwa nyuma yetu kwenye benchi
hawakuwa na meza ya pili.
Niliwasikia hadi getini.

Nje, mnyororo wa baiskeli ya Mwanakheri ulikuwa umechomoka.
Alisimama tu. Hakuniita.
Nikainama.
Dole gumba bado lina wino wa mahakama,
likazama kwenye grisi,
na sasa sijui kipi ni kipi
katika hili doa
ambalo sabuni ya mche, siku ya tatu leo,
imeshindwa kulitoa.