Ritifaa

Programu haijui Kiswahili.
Ina Kiarabu cha watangazaji wa habari, ina Kihindi,
ina bibi wa Kifaransa anayetaja vituo vya treni.
Nikaliazima koo la bibi huyo,
usiku, mwezi wa saba, Mabela,
bomba la maji baridi linatoa maji ya moto
na kiyoyozi kinakoroma kama mgeni aliyeshiba.

Koo la mama lilibaki kwa madaktari, Ghubra, siku ya Jumanne.
Tangu hapo anaandika kwa kidole juu ya kioo:
chumvi. zima taa. mwambie Azzan avue viatu.
Halafu siku moja: Ghaniya, nataka kusema Ng'ambo.
Mengine nitaandika.

Ndio mtaa aliozaliwa. Alikuwa akilitoa jina hilo
kama atoaye funguo mkobani, "Mie wa Ng'ambo,"
kwa muuza dhahabu wa Matrah, kwa karani wa pasipoti,
kwa wifi yake wa Nizwa aliyejitia kiziwi.

Usiku wa kwanza nikaandika herufi sita na ritifaa.
Mashine ikadhani ritifaa inafungua usemi,
ikangoja usemi ufungwe.
Ikangoja mpaka adhana ya alfajiri.

Usiku wa pili nikaifuta. Ngambo:
ng ya ngozi, ng ya ngumi juu ya meza.
Bibi wa Kifaransa akaimeza m,
akaisindikiza o mpaka barabarani.

Usiku wa nne nikayaacha maandishi, nikazishika sauti zenyewe.
Nikalichukua neno la Kiingereza la mfalme,
nikamtupa mfalme, nikabaki na mkia,
mvumo wa puani, milisekunde tisini,
nikaufanya mkia kichwa
na kuuunga na mwili wa mtangazaji.
Mshono ulisikika: tk,
kama kufuli la sanduku dogo.
Nikaulainisha. Mkazo ukatoroka,
nikaurudisha kwa kuushika sikio.

Usiku wa sita nikamchezea mama.
Akainamisha kichwa, akaandika:
Huyu nani? Ana mafua.

Kisha akanibana pua kwa vidole viwili
na kwa nyusi akaniamuru niseme.
Nikasema. Halikutoka hata chembe.
Akaachia, na neno likafunguka lenyewe kama dirisha.
Kumbe halianzii kooni.
Kumbe madaktari hawakulichukua lote:
nyumba yake bado ipo pale pale, katikati ya uso,
ila pumzi siku hizi inapita njia nyingine,
katundu kadogo, shingoni, chini ya shashi.

Usiku wa tisa niliurefusha mvumo, milisekunde arubaini zaidi.
Mama akaitikia kwa kichwa,
vile anavyoipokea mtu chenji pungufu ya baisa hamsini
kwa kuwa foleni ni ndefu.

Jumatatu, kliniki.
Nesi Lijimol anabadilisha shashi, anauliza
kwa Kiarabu cha wodini kisicho na vitenzi:
"Mama, wewe wapi?"
Mama akabonyeza.
"Ng'ambo," kikasema kioo,
na ndani yake bibi wa treni, mtangazaji,
na mkia wa mfalme.

Lijimol, pamba mkononi:
"Ng'ambo?"

Sawasawa. Bila mshono. Mara ya kwanza.
Mimi nina macho mekundu ya siku tisa.

Mama akacheka, yaani mabega yalitikisika.
Nikafungua kinywa kueleza: ni mtaa, Unguja, ng'ambo ya mkondo,
ingawa mkondo wenyewe walishaufukia,
ingawa ukisimama kule, ng'ambo ni huku,
na kwenu wewe, Lijimol, wanao wakiulizwa mama yao yuko wapi —

Mama akaniwekea mkono gotini, nyamaza,
akabonyeza tena
ili amsikie tena.