Kwa Atakayelala Kitanda Namba Tisa

Kitanda hiki kina mguu mfupi.
Kunja kipande cha boksi la glavu, kitie chini,
utalala.

Droo nimeiacha wazi. Mna kufuli, uzi na sindano,
na saa ya kifuani iliyokatika pini.
Sekunde zake ni za kweli. Ndizo utakazozihitaji.

Wiki ya kwanza utahesabu mbao za dari.
Ni arubaini na mbili, nakuokolea muda.
Upepo ukitoka Wawi huleta harufu ya makonyo yakipikwa mafuta,
nami nililia, maana kwetu Kojani kunanuka dagaa
na sikujua kama mtu huweza kulilia dagaa.

Sikuficho: ushujaa haukunisaidia.
Alinisaidia Raya, kitanda namba kumi,
aliyenipa mkono wake wa kushoto niutafutie mshipa
mara saba, hata ukapiga rangi ya zambarau,
naye akisema, "Jaribu tena, damu ninayo."

Na Bi Mkasi wa jikoni,
haulizi umepasi, huuliza umekula.
Ukitoka zamu ya usiku utaukuta ukoko
umefunikwa sahani, na mchuzi pembeni.
Mpime presha, lakini faragha;
mbele ya watu atakwambia hana.

Sista Zuwena utamwogopa. Mwogope.
Lakini siku mgonjwa wangu wa kwanza alipokata roho
(mzee wa Ndagoni, akiniita daktari, nami sikumsahihisha)
nilijificha penye kamba za mashuka.
Akanifuata. Hakusema neno.
Akashika ncha ya shuka, akanipa ncha ya pili,
tukakunja, tukakunja, shuka kumi na sita,
mpaka mikono yangu ikakumbuka kazi yake.

Baba hupiga simu Ijumaa, baada ya sala.
Mwaka wa kwanza aliuliza, "Umezoea?"
Nikasema ndiyo, nao ulikuwa uongo.
Mwaka wa pili nikasema bado,
na siku ile tulizungumza mpaka salio likaisha.
Juzi hakuuliza. Kanieleza goti lake,
lamuuma upande wa ndani, alikande au aliache.

Kuzoea hakupigi hodi, mwenzangu.
Siku moja utasema "narudi nyumbani"
ukakusudia bweni.

Yunifomu ipige pasi usiku, umeme wa asubuhi hauaminiki.
Na atakayekuja namba kumi, baada ya Raya,
akikaa kimya akitazama dari,
usimwambie ni mbao ngapi.
Mpe mkono wako wa kushoto.