Kichujio

Maabarani Maseno, Jumatatu hadi Ijumaa,
kazi yangu ni kusaga majani.
Mnavu wa soko la Luanda, mgagani, mrenda,
mitoo ya Finike iliyojaa umande wa chupa
(huinyunyizia maji alfajiri, anadhani sijui).
Nayakausha kivulini, nayaponda,
nayaloweka kwenye spiriti usiku kucha.
Asubuhi karatasi ya kichujio inaachia
tone.
Tone.
Rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni.

Humo, wasema wakubwa wangu, mna polifenoli,
flavonoidi, karotenoidi,
majina marefu kama ya mtu anayejitaja ukoo matangani.
Hupunguza kutu ndani ya seli.
Huenda zikauongezea ubongo wa uzeeni
miaka kadhaa ya nuru.
Huenda.
Neno hilo naliandika katika kila ripoti.
Limenichosha. Silifuti.

Maana nyumbani, Emuhaya, yuko mama,
na hakuna panya wa majaribio aliyewahi kula mboga kumfikia.
Miaka themanini na mmoja ya mboga chungu
ndani ya chungu, siku ya tatu, ikilainika kwa maziwa.
Majani yangekuwa kufuli,
kichwa chake kingekuwa benki.
Na bado ananiita Rasoa.
Rasoa ni dada yake,
tulimzika nikiwa darasa la pili.

Kisumu, kwenye hospitali ambayo bado tunaiita Rasha,
daktari kijana, mpole, kalamu tatu mfukoni,
alimsogezea karatasi:
"Mama, nichoree saa. Saa tano na dakika kumi."
Akachora duara, safi, bila mkono kutetemeka.
Mishale hakuweka. Namba hakuweka.
Alitoboa vitone, vingi, vyote upande wa chini.
"Basi nitajie wanyama. Una dakika moja."
Ng'ombe.
Kuku.
Ng'ombe.
Daktari akaandika alama.
Namba hiyo ningeisoma hata kichwa chini miguu juu.

Jioni, tumerudi, sijavua viatu,
namsikia nyuma ya jiko anavunja maganda ya maharagwe.
Anayachoma. Majivu yanapoa.
Anachukua bati kuukuu la mafuta ya kupikia,
kitako chake kimetobolewa kwa msumari,
anatia majivu, anamimina maji juu yake
taratibu, kama anayemnywesha mtoto,
na chini, kwenye vitundu, yanaanza kutoka
tone.
Tone.
Rangi ya chai.

Nikalitazama lile bati. Duara. Vitone, vyote upande wa chini.
Nikakaa chini hapohapo, penye kuku.

"Mama," nikasema, na simu mkononi ikihesabu sekunde,
"nitajie mboga."
Hata hakuinua macho.
Murere. Likhubi. Tsisaka. Miroo. Lisutsa.
Seveve, lakini changa, ile kubwa inakwaruza koo.
Dodo. Ile inayoota penye zizi, jina lake... ile!
akaichora hewani kwa kidole, majani mawili na ua,
nami nikaihesabu.
Kumi na tatu kabla dakika haijaisha,
na simu ilipolia aliendelea,
akaiambia simu inyamaze, watu wanaongea.

Sitasema majani yamemponya. Hayajamponya.
Sijui angekuwa wapi leo bila hayo,
labda angekuwa ameshaondoka kitambo akiwa bado ameketi,
labda angekuwa hapahapa.
Hakuna mama wa pili, asiyekula mboga,
wa kumweka kwenye jedwali la kulinganisha.

Alionja mchuzi kwenye kiganja, akanipa nami nionje.
"Rasoa," akasema, "umezidisha maji.
Tangu utoto wetu wewe ni wa kuzidisha maji."

Nikakubali. Nikayapunguza.

Jumatatu nimerudi kwa karatasi zangu nyeupe.
Fomu ya mama naibeba kwenye mkoba:
alama, sahihi, muhuri.
Pembeni, kwa penseli, nimeandika kumi na tatu.
Hakuna kisanduku chake.
Nimeiandika tu.