Fundi wa Madirisha

Mimi mwenyewe ndiye niliyelifunga dirisha.
Msumari wa inchi nne, kipande cha mbao,
karatasi ya mfuko wa saruji kuziba nyufa,
kwa sababu Julai ya Korogocho haina adabu
na mwizi hana msimu.

Mchana, Kariobangi, nachomelea madirisha ya watu:
mishale, maua ya chuma, herufi za majina yao.
Jioni narudi kwenye chumba kisichopumua,
mke, mtoto, jiko,
na kikohozi changu.

Nilikisingizia moshi wa weldi.
Wiki ya pili, vumbi.
Ya nne, baridi ya alfajiri.
Shuka likalowa jasho, mshipi ukaomba tundu jipya,
nami nikazidi kununua dawa za vichupa,
tamu kama uongo.

Kaluki, mhudumu wa afya wa mtaa wetu,
hakuniuliza naumwa nini.
Aliuliza, "Hili dirisha hufunguka?"
Kisha akanipa kikopo:
makohozi ya asubuhi, fundi, si mate.

Kifua kikuu.

Nabwire akanitengea kikombe.
Sikumlaumu. Babake alitengewa
kikombe, sahani, kijiko, mpaka kaburini.
Kaluki alikichukua kile kikombe changu,
akamimina chai, akanywa mpaka majani.
"Hakikai humu," alisema. "Husafiri kwa pumzi.
Mtu akikohoa huelea, hungoja kifua kingine
gizani, palipofungwa.
Kikombe mmemtengea.
Hewa je?"

Siku hiyo niling'oa ule msumari.
Ulitoka ukilia.

Vidonge kila asubuhi. Mkojo ukageuka rangi ya kutu,
nikadhani chuma kinanitoka.
Nikajifunza kukohoa kiwikoni kama mtoto wa chekechea.
Simiyu wetu, ambaye hakuwa amekohoa hata mara moja,
naye akapewa vyake, vya kuzuia,
akavitafuna akinikodolea macho.

Mwezi wa tatu mashavu yakarudi.
Nikaanza kuvitazama vidonge kama mgeni asiyeaga.
Kaluki akaniuliza,
"Fundi, weldi ya kugusagusa hushika?"

Nikanyamaza. Naijua kazi hiyo.
Hushika rangi, hushika macho ya mteja,
hushika mpaka siku mtu anapoegemea.

"Basi kiache nusu," akasema,
"kirudi kimeshazijua dawa zako."

Nikamaliza. Miezi sita, Desemba ikiwemo,
wenzangu wako Busia wanakula kuku,
mimi niko hapa na kadi ya kliniki.

Sasa chumba chetu kina dirisha la chuma,
la kwanza kujichomelea mwenyewe.
Halina ua wala herufi.
Vyuma vimekaribiana, mkono haupiti.
Upepo unapita.

Jana usiku, nyuma ya bati, jirani alikohoa.
Nikakumbuka amekohoa pia Jumapili ile,
na Jumapili ya kabla yake.
Alfajiri nikavaa ndala, nikagonga kwake,
mfukoni namba ya Kaluki,
mkononi koleo la kung'olea msumari.