Mti Ulioinama

Usinitafutie mti ulionyooka, alisema baba,
iliyonyooka waachie wachonga majeneza.

Nikaenda ukingoni mwa kinamasi,
kule misonobari inakozama mguu mmoja
ikaegemea hewa miaka sitini bila kuanguka.
Upande wa chini, ule uliobeba mzigo,
mti wake ni mwekundu kama nyama ya kukausha,
mgumu, una utomvu, ukiugusa kwa kisu hulalama.
Hilo ndilo tumbo la upinde.
Mgongo ni betula, mweupe, mwepesi wa kuvutika.
Mmoja ajua kubanwa, mmoja ajua kuvutwa.
"Kama mimi na mama yako," alisema,
kisha akakohoa ili tusiyaendeleze.

Macho yake yalikwisha polepole,
kama utambi unaopunguzwa na mtu mbahili.
Sasa anasoma kwa kidole gumba.
Nilikwangua siku nne, yeye akipapasa nyuma yangu:
"Hapa pana kidonda."
"Sioni kitu."
"Nani amekuuliza habari za kuona?"
Na kweli: jicho la tawi, dogo kuliko punje ya mtama,
limejificha chini ya ngozi ya mti.

Kaka yangu Prokopi ana bunduki. Alicheka.
Lakini bunduki ikisema neno moja
msitu mzima hufunga milango.

Gundi: ngozi za sangara ishirini na tatu,
nilizotunza tangu vuli, zikachunwa, zikalowekwa,
zikatiwa ndani ya kibofu cha kulungu,
kibofu ndani ya sufuria, sufuria juu ya jiko la chuma,
nasi tukanuka mto kwa juma zima.
Hata mkate ulinuka.

Wa kwanza ulivunjika.
Niliutia upote kabla gundi haijakauka sawasawa.
Tak.
Hakunitajia methali yoyote.
Aliomba vile vipande, akavitia jikoni,
tukachemshia chai.

Wa pili niliukata mfupi zaidi,
toka kitovuni hadi sakafuni, basi;
msitu wetu hauna nafasi ya majivuno.
Ncha nikazishika juu ya mvuke wa birika.
Samaki mkunje angali mbichi;
mti nao mkunje ungali na jasho.
"Hesabu hadi mia mbili," alisema,
"na usihesabu kwa Kirusi, utakimbiza."
Nikahesabu kwa Kihanti, nikisahau sitini, nikirudi hamsini,
vidole vikiungua ndani ya glavu,
hadi ncha zikapinda kwenda mbele,
zikanipa kisogo
kama watoto wawili walionyimwa kitu.

Nikazifunga kwenye gogo, mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa.
Nikauvika gome la betula, mzingo juu ya mzingo,
unyevu usiingie.
Siku ya kuutia upote uligoma,
ukanipiga kidevuni, nikatukana.
Yeye kitandani akatabasamu ukutani.

Alfajiri ile theluji ilikuwa imeshika ganda.
Kwale dume juu ya mlarisi, anakula sindano,
hana habari na mimi.
Mshale wangu ulikuwa butu, kichwa kama ngumi ya mtoto.
Nilivuta hadi pembe ya mdomo.
Tumbo likabanwa. Mgongo ukavutika.
Pale penye kidonda nikapasikiliza kwa mkono wangu wote.

Nilirudi na ndege begani.
Baba hakuuliza uzito wake.
"Umelia vipi?"
"Kifupi," nikasema, "kama mtu aliyefunga sanduku."
Akanyosha mikono, si kwa ndege.
Kidole gumba kikatembea toka nchani,
kikashuka, kikasimama.
"Bado kipo."
"Najua. Nilipaachia nyama kidogo kandokando."

Aliitikia kwa kichwa kuelekea dirishani,
alikodhani nimesimama.

Yule kwale tulimla jioni.
Nilizidisha chumvi.